Fundi ameandika 41! Tunaopungua kwa sindano, njooni tuseme nguo zinavyopwaya

Ukurasa_Wangu (mleta mada), 9 Novemba 2025

Habari za Jumapili wakuu.

Jana nilikwenda kwa fundi wangu Temeke kupimwa sare ya harusi ya mdogo wangu. Huyu baba ananishonea tangu 2014, na vipimo vya wateja wake anaviweka kwenye kaunta buku, kila mtu na ukurasa wake. Hafuti cha zamani. Anapiga mstari mmoja juu yake, anaandika kipya chini na tarehe. Safu yangu ya kiuno inasomeka hivi: 2014, inchi 36. 2017 baada ya mtoto wa pili, 39. 2020, 43. Desemba 2024, 46. Jana akazungusha tepu, akasoma, akailegeza, akazungusha upya. Kisha akaandika 41 na kunigeuzia daftari nione mwenyewe.

Miaka kumi namba ile inapanda tu. Jana ndiyo mara ya kwanza imeshuka. Nilikaa kwenye benchi la wateja nikatokwa machozi, mafundi wakasimamisha cherehani.

Nieleze nilikotoka. Nina miaka 42, mhasibu, urefu sentimita 163. Kisukari aina ya pili niligundulika nacho 2022. Januari mwaka huu nilikuwa na kilo 108, na sukari ya miezi mitatu (kipimo cha damu cha wastani wa sukari) ilisoma asilimia 8.9 ilhali vidonge nilikuwa nameza bila kuruka. Daktari wangu ndiye aliyeniandikia semaglutide, yaani Ozempic, sindano ya mara moja kwa wiki. Nilianza na miligramu 0.25 kwa wiki nne, nikapanda 0.5, na tangu Mei niko kwenye 1. Leo nina kilo 96.5 na ile sukari imesoma 6.6. Kichefuchefu nilikipata wiki mbili za mwanzo na kila nilipopandishwa dozi. Choo kilinisumbua zaidi ya kichefuchefu, mpaka nikajifunza kunywa maji hata nisipokuwa na kiu na kula papai kila asubuhi.

Nimesema nimepungua, sijasema nimekonda. Mtaani kwetu mnajua tofauti ya maneno hayo mawili.

Miaka yote ya 43 na 46 nilivaa madera. Nalipenda dera, ila dera halikwambii kitu. Linakupokea ukiwa na kilo 80 na linakupokea ukiwa na 108. Mizani nyumbani sikuwa nayo. Aliyekuwa ananiambia ukweli ni fundi peke yake, mara moja kila harusi.

Sasa kilichonifanya niandike. Fundi ana msaidizi, binti wa miaka 26, mwili mkubwa. Julai nilipopeleka sketi mbili zibanwe kiuno aliniuliza, dada umefanyaje? Nikamjibu maji ya ndimu ya vuguvugu asubuhi na kuacha wali usiku. Niliona aibu kutaja sindano. Jana nilipokuwa nafuta machozi alinisogelea akasema kwa sauti ya chini: "Dada, mimi ndimu nimekunywa miezi minne. Tumbo linaniuma kila siku na sijapungua hata robo kilo. Nafikiri mwili wangu ndio mbaya."

Nilimtoa nje nikamweleza kila kitu pale pale, dawa, jina, dozi, bei. Lakini ile miezi minne siwezi kumrudishia.

Kwa hiyo naomba tufanye hivi. Leteni furaha zenu za nguo, namba ya suruali, tundu la mkanda, pete, sidiria, chochote. Na mkileta, semeni wazi kilichowasaidia. Mimi ni sindano, pamoja na kula kidogo na kutembea jioni, lakini bila sindano nilikula kidogo na kutembea jioni miaka minne na daftari likaenda 43 hadi 46.

Baibui_56, 9 Novemba

Assalam aleikum. Hongera dadangu, nimesoma mpaka nami yakanitoka.

Mimi niko Mombasa, natumia Mounjaro, sindano ya tirzepatide, tangu Machi, sasa niko miligramu 7.5. Kwetu wanaovaa mabaibui namba haisaidii kitu, kwa sababu namba ya baibui ni urefu. Nilikuwa 56 na kilo 99, na leo ni 56 na kilo 83. Ukiingia dukani utapewa ile ile. Kilichonionyesha ni bega. Mshono wa bega umeteremka mkononi, mikono ya baibui yafunika vidole, na nikipanda tuktuk naikanyaga kwa kuwa hakuna tumbo la kuinyanyua tena. Sidiria nilikuwa 42, juzi nimenunua 38, muuzaji alinipima mwenyewe. Na pete ya ndoa ilichomoka nikitawadha, ikalia kwenye sinki. Mume wangu ameifunga uzi kwa ndani mpaka sonara aipunguze.

Mama mkwe ndiye pekee niliyemwambia sindano. Wengine nilisema nimeacha sukari. Baada ya kusoma kuhusu huyo binti, leo nimemwambia pia wifi yangu.

Kanzu_ya_Ruwi, 9 Novemba

Dada Ukurasa hongera sana. Na wewe Bi Baibui, ni vivyo hivyo kwa sisi wa kanzu, namba ni urefu. Mimi ni 58.

Lakini wenye vitambi tunajua jambo moja. Ukiwa na tumbo, kanzu hupanda mbele na kuburuza nyuma. Miaka minane hapa Muscat nilikuwa namwomba mshonaji aniongezee inchi moja mbele ili pindo likae sawa. Idi iliyopita nilivaa moja ya hizo, mbele ikagusa viatu. Nilisimama kwenye kioo nikaita mke wangu aje aone. Sasa zote zimepunguzwa mbele, pindo limekaa mstari mmoja mbele na nyuma. Kilo 117 zimekuwa 101, kwa miezi kumi na moja. Kazini navaa suruali, mkanda nimeutoboa matundu matatu mapya kwa msumari uliochomwa moto.

Nitoe na tahadhari. Mwezi wa sita huku joto linavuka 40. Nilisahau kalamu mpya ya sindano ndani ya gari toka asubuhi hadi alasiri. Niliitupa. Iliniuma sana kwa bei yake, lakini sikutaka kujidunga kitu nisichojua kimebaki na nini ndani.

Mkimbiaji_Coco, 10 Novemba

Mleta mada, hongera kwa sukari kushuka, hilo ni kubwa. Lakini nitasema ninachoamini. Nilitoka kilo 102 hadi 84 kwa miguu yangu, Coco hadi daraja la Tanzanite na kurudi, alfajiri, miaka miwili. Naogopa tunawafundisha vijana kuwa hata jasho linanunuliwa. Mtu ana miaka 22, anataka kupunguza kilo tano avae gauni la sherehe, anatafuta sindano. Hilo linanisumbua kweli.

Nesi_Kliniki_ya_Sukari, 10 Novemba

Kaka Mkimbiaji, heshima yako kwa zile alfajiri. Na hofu yako kuhusu vijana wa kilo tano ni hofu yangu pia, nawaona. Dawa hizi zilipitishwa kwa ajili ya kisukari aina ya pili, na kwa watu wenye unene wa kiwango cha ugonjwa au uzito uliozidi pamoja na tatizo jingine kama presha. Gauni la wikiendi halimo.

Lakini jasho lako na sindano ya dada havifanyi kazi moja. Utumbo wa kila mtu, akishakula, hutoa homoni iitwayo GLP-1. Homoni hiyo huiambia kongosho itoe insulini, hupunguza kasi ya tumbo kumwaga chakula, na hupeleka taarifa kwenye ubongo kuwa inatosha. Ya asili huvunjika ndani ya dakika chache. Semaglutide imetengenezwa ifanane nayo ila ikae, nusu yake bado iko mwilini baada ya wiki moja, ndiyo maana unachoma mara moja kwa wiki. Tirzepatide ya Bi Baibui inagusa na homoni ya pili, GIP. Mtu mnene akipungua kwa kujinyima, mwili wake huongeza njaa ili kurudisha kilichopotea. Wagonjwa wangu wananiambia kitu kile kile kwa maneno tofauti: "Nesi, sufuria imeacha kuniita." Huo si uvivu uliotibiwa, ni njaa iliyotibiwa.

Mazoezi msiyaache, tena ya kunyanyua vitu. Sehemu ya kinachopungua ni misuli, siyo mafuta tu. Mayai, dagaa, samaki, maharage, vitangulie kwenye sahani kabla hamjashiba, maana mtashiba haraka.

Na kuna wasioruhusiwa kabisa. Aliyewahi kuugua, au ndugu yake wa damu, saratani ya tezi ya shingo ile aina ya medula, asiguse. Aliyewahi kuugua kongosho amwambie daktari kabla. Maumivu makali ya tumbo yanayopiga mpaka mgongoni, hospitali siku hiyo hiyo. Mawe ya nyongo nayo hutokea, hasa kwa wanaopungua kwa kasi.

Mkimbiaji_Coco, 10 Novemba

Nesi, hapo pa njaa nimekuelewa. Mama yangu ana sukari na kilo zake hazishuki, na nimekuwa nikimgombeza kuhusu chapati. Nitakaa naye Jumamosi.

Mama_Belo, 11 Novemba

Nauza mtumba Karume mwaka wa kumi na tano, suruali na magauni ya kike. Nataka niwasaidie kwenye namba, maana naona watu wanalia na kucheka kwa lebo isiyo yao.

Belo moja lina nguo za nchi nne. Gauni la Uingereza 18 ni sawa na la Marekani 14, na la Ulaya 46. Mwili ni ule ule! Mwezi uliopita mteja wangu alirukaruka amefika 14, lebo ni ya Marekani, nikanyamaza kwa kuwa furaha yake ilikuwa nzuri. Wiki iliyofuata akaja na huzuni amevaa 18 ya Uingereza haimwachii nafasi, akadhani amenenepa. Nikamwekea tepu. Alikuwa amepungua inchi nzima. Angalia herufi ndogo pembeni ya namba kabla hujafurahi au kuhuzunika. Na kampuni kwa kampuni zinatofautiana pia, hata ndani ya nchi moja. Jinzi zenye inchi kiunoni, W36, W34, ziko karibu zaidi na ukweli, lakini zikiwa na mpira mwingi nazo zinadanganya.

La pili, msinunue kabati zima wakati bado mnashuka. Nunua suruali mbili za kukufaa sasa na gauni la kufunga kwa kamba, hilo linakufuata ukishuka. Zilizobaki peleka kwa fundi. Lakini fundi naye ana mpaka. Kubana pembeni saizi moja, mbili, inakaa vizuri. Ukizidi hapo mifuko ya nyuma inakutana, bega linalala, utalipa hela ya ufundi kwa nguo isiyokaa.

La tatu, zile kubwa zilizo nzima, mniletee. Wateja wa saizi 22 na 24 wanazitafuta kwa tochi.

Ukurasa_Wangu, 11 Novemba

Mama Belo, nimekwenda kabatini na lebo zangu zote. Ile suruali ya kazini niliyoiona 24 ni ya Uingereza, na ninayovaa sasa ni 20 ya Uingereza. Kwa hiyo saizi mbili za kweli. Asante sana.

Tanga_Leicester, 12 Novemba

Nawasalimu kutoka Leicester. Mounjaro tangu Agosti 2024, kutoka 22 hadi 16, za huku huku.

Watu nyumbani wanafikiri Uingereza dawa inagawiwa. Ni kweli NHS, huduma ya afya ya serikali, ilianza kuitoa kupitia madaktari wa kawaida England tangu Juni 2025, lakini mwaka wa kwanza ilikuwa kwa wenye BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya 40 na zaidi pamoja na magonjwa manne kati ya waliyoyataja. Mimi sina hayo, nalipa mfukoni. Septemba bei ikapanda. Dozi kubwa kabisa ilikuwa pauni 122 kwa mwezi kwa bei ya kiwanda, ikawa 330. Kwa anayefanya kazi ya kulea wazee kama mimi, hiyo ni zamu nyingi za usiku. Nimezungumza na daktari, nimehamia Wegovy, ambayo ni semaglutide.

Nilikuja kusema jambo la nguo. Nilijaza begi magauni yangu ya 22 na 20 nikampelekea mama Tanga. Alipofungua hakupiga simu kushukuru. Alipiga analia, ananiuliza naumwa nini na kwa nini namficha. Kwake yeye, mtoto aliyetoka nguo zile mpaka nguo hizi ni mtoto aliye kitandani. Nami namwelewa, amezika watu miaka ya tisini aliowaona wakipungua hivyo hivyo, kanga ikizunguka mara mbili. Nilimpigia kwa video nikasimama, nikageuka, nikaruka mara tatu ili asikie miguu ikigonga sakafu. Nikamwonyesha kalamu. Akaniuliza inauma? Nikajichoma tumboni mbele yake aone. Sasa kila Alhamisi ananiandikia ujumbe: umechoma?

Kilo_Nne, 13 Novemba

Nimesoma uzi wote nikiwa kazini na moyo wangu mzito. Nina sukari, natumia Ozempic mwezi wa saba, kilo nne tu. Suruali ni ile ile. Mnaposema saizi mbili, saizi tatu, nafurahi kwa ajili yenu, ila najiuliza kama mimi ndio yule binti wa ndimu.

Mfamasia_Zamu_ya_Usiku, 13 Novemba

Dada Kilo_Nne, tafadhali soma hapa polepole.

Semaglutide ya miligramu 2.4 ilipojaribiwa kwa watu 1,961 wasio na kisukari kwa wiki 68, waliopewa dawa walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito. Dozi hiyo hiyo ilipojaribiwa kwa wenye kisukari aina ya pili, wastani ukawa asilimia 9.6. Tirzepatide nayo, kwa dozi yake ya juu ya 15, asilimia 20.9 kwa wasio na kisukari na 14.7 kwa wenye nacho. Mwili wenye sukari hushuka polepole zaidi, na dozi za Ozempic zinazotumika kwa sukari mara nyingi ziko chini ya hiyo 2.4. Bi Baibui hajasema ana sukari. Usijipime kwa tepu yake.

Na huo ni wastani. Katika lile jaribio la kwanza, takriban mtu 1 kati ya 7 waliopewa dawa hakufikisha hata asilimia 5. Hawakukosea kitu.

Sasa nijibu. Sukari yako ya miezi mitatu ilikuwa ngapi na sasa ni ngapi? Presha?

Kilo_Nne, 13 Novemba

Ilikuwa 9.4. Sasa 7.0. Presha wameniondolea kidonge kimoja.

Mfamasia_Zamu_ya_Usiku, 13 Novemba

Basi dawa inafanya kazi, na inafanya kazi mahali ambapo macho, figo na miguu yako itaishukuru. Kuhusu dozi, rudi kwa daktari wako na namba hizo hizo. Usipandishe mwenyewe.

Nesi_Kliniki_ya_Sukari, 13 Novemba

9.4 hadi 7.0! Dada yangu, kliniki kwetu hiyo tungepiga vigelegele.

Sikuangalia_Boksi, 15 Novemba

Nilikuwa nasita kuandika. Februari niliona tangazo mtandaoni, sindano za kupunguza uzito, bei theluthi ya ile ya famasi. Ikaletwa na bodaboda ndani ya mfuko wa nailoni, chupa ndogo haina boksi wala karatasi ya maelezo, barafu imeshakuwa maji. Niliambiwa nivute "mistari ishirini". Saa moja baada ya kuchoma nilianza kutetemeka, jasho, moyo unapiga, macho yakaona giza. Mwanangu wa darasa la sita ndiye aliyenipa soda. Hospitali sukari ilikutwa chini sana. Ile chupa ilikuwa na nini mpaka leo sijui. Nilikuwa nataka kuvaa suti yangu ya mahafali.

Mfamasia_Zamu_ya_Usiku, 15 Novemba

Pole sana, na asante kwa ujasiri wa kuandika. Mwanao alikuokoa.

Semaglutide ikiwa peke yake si kawaida kumshusha sukari ghafla hivyo mtu asiye na kisukari. Insulini ndiyo hufanya hivyo. Austria mwaka 2023 watu walilazwa kwa sukari kushuka baada ya kutumia Ozempic iliyoshukiwa kuwa bandia, na mamlaka zao zikaonya kwamba huenda ndani kulikuwa na insulini. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya dunia nzima kuhusu Ozempic bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama huko imepenya, mfuko wa bodaboda hauna ulinzi wowote.

Cheti cha daktari, famasi iliyosajiliwa, boksi lililofungwa lenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Ozempic halisi ni kalamu, haiji kwenye kichupa cha kuvuta kwa bomba. Kabla hujaanza kuitumia ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandisha. Ikiganda hata mara moja, tupa. Ukishaifungua inakaa wiki chache zilizoandikwa kwenye karatasi ya maelezo, kwenye friji au nje pasipozidi nyuzi 30. Kwa Dar ya Januari hadi Machi, na umeme ukikatika, hizo 30 si za kubahatisha. Waliouziwa kitu cha kutia shaka Tanzania wapeleke taarifa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, pamoja na chupa, msiitupe.

Na wanawake mnaotumia tirzepatide na vidonge vya uzazi, dawa hii inaweza kupunguza nguvu ya kidonge. Tumieni kinga nyingine wiki nne za kuanza na wiki nne kila dozi inapopandishwa. Anayepanga mimba, semaglutide iachwe angalau miezi miwili kabla.

Niliacha_Mwezi_wa_Tatu, 17 Novemba

Hamjagusa kuacha. Nairobi hapa, nilitumia miezi kumi na minne, nikashuka kutoka 112 hadi 92. Nguo zote za zamani nikazitoa, nikabaki na za 16 peke yake, nilikuwa na furaha kama nyinyi. Machi kazi iliisha na bima ikaenda nayo. Niliacha. Wiki ya tano nilisikia njaa niliyokuwa nimeisahau, kama mtu ambaye alikuwa nje ya nyumba muda mrefu na sasa anabisha. Leo ni 103.

Sijaandika kuwakatisha tamaa. Nawaambia kwa kuwa hakuna aliyeniambia, nikadhani nimefeli. Baadaye nilisoma kuwa katika lile jaribio la semaglutide, waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha walirudisha theluthi mbili ya kilo walizopoteza. Mimi niko ndani ya hesabu hiyo. Jumamosi nilikuwa Gikomba natafuta 20 na nilikuwa naona kila mtu ananitazama.

Nesi_Kliniki_ya_Sukari, 17 Novemba

Hukufeli. Presha ikipanda baada ya kuacha kidonge cha presha hatumlaumu mgonjwa. Septemba mwaka huu Shirika la Afya Duniani limeziingiza dawa hizi kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa wenye kisukari aina ya pili pamoja na ugonjwa wa moyo au figo na unene, na limesema wazi kuwa bei ndiyo ukuta. Njoo kliniki hata bila sindano. Kutoka 112, hizo kilo tisa ambazo hazijarudi ni zako.

Mama_Belo, 17 Novemba

Nairobi, 20 ninazo nzuri, vitambaa vizito, nchi moja lebo moja. Niandikie faragha nikutumie kwa basi. Hautatazamwa na mtu.

Ukurasa_Wangu, 21 Desemba

Wakuu, harusi ilikuwa jana. Samahani kwa ukimya.

Sare ilikuwa satini ya kijani na mtandio. Nilipokwenda kuijaribu tarehe 6, kiuno kilikuwa 40 na nusu. Fundi aliigeuza ndani nje akanionyesha mshono: kila upande ameacha inchi moja ya kitambaa. Akaniuliza, nikate au niache? Wateja wanaopungua huwa wanamwambia akate, kitambaa kikiwa chepesi ndani gauni hulala vizuri zaidi.

Nilimfikiria dada wa Nairobi. Dawa hii nainunua kwa hela yangu, inazidi kodi ya nyumba, na mchango wa kikoba nimesimamisha tangu Machi. Siku ya kulazimika kuacha haifahamiki. Nikamwambia aache. Gauni lililala vizuri hivyo hivyo, nimecheza nalo mpaka saa nane usiku.

Kuhusu yule binti. Nilimpeleka kliniki wiki ile ile niliyoandika uzi huu. Tumbo ametibiwa, ndimu ameacha. Sukari yake iko mpakani, presha imepanda kidogo. Sindano hana uwezo nayo na mimi sina uwezo wa kumnunulia, daktari amempa mpango wa chakula, amemwambia atembee, arudi Februari. Nilimwomba aniruhusu kuwaelezea, akakubali.

Siku ile ya tarehe 6, tulipomaliza gauni, nilimuuliza fundi ukurasa wa binti uko wapi kwenye daftari. Hakuwa nao. Miaka mitatu anapima watu, mwenyewe anashona madera kwa kukadiria. Fundi akafungua ukurasa mtupu, akamwita mkewe ampime. Kifua 45, kiuno 44, nyonga 51. Binti akaomba kalamu, akaandika tarehe mwenyewe.